Robert McCheyne na William Burns: Watumishi Wawili, Shamba Moja

Mafungu ya kujifunza: Hesabu 11:24–29, 1 Samweli 18:5–9, Yohana 3:22–30, 1 Wakorintho 3:4–9, Wafilipi 1:15–18.

Wazo kuu: Urafiki wa watumishi wa Mungu hupimwa siku ile Mungu anapombariki mwenzetu mahali tulipotaabika sisi.

Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji walimwendea mwalimu wao wakiwa na manung'uniko. Yule aliyemshuhudia ng'ambo ya Yordani sasa alikuwa na wafuasi wengi, na watu wote walikuwa wakimwendea yeye. Walitazamia Yohana aone uchungu pamoja nao. Hakuona. Alifurahi kama rafiki wa bwana arusi anavyofurahi asikiapo sauti ya bwana arusi.

Ni rahisi kulisoma fungu hilo siku ya Sabato na kuitikia amina. Kuliishi ni jambo jingine, hasa wakati kanisa tulilolilea kwa machozi linapojaa watu kwa mahubiri ya mtu mwingine. Katika mji wa Dundee, Scotland, mchungaji mmoja kijana alikutana na jaribu hilo mwaka 1839.

Kijana wa Edinburgh

Robert Murray McCheyne alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, tarehe 21 Mei 1813. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye Robert alikuwa kitinda mimba. Alijaliwa akili nyepesi, akapenda mashairi, muziki na kuchora. Alihudhuria kanisani na familia yake, lakini moyo wake ulikuwa katika anasa za vijana wa mji ule.

Mwezi Julai 1831 kaka yake David alifariki. David alikuwa mtu wa sala, na alikuwa ameihangaikia sana roho ya mdogo wake. Kaburi la kaka likamfanya Robert afikiri. Miaka yote iliyofuata aliikumbuka siku ile kuwa ndiyo iliyoanza kumgeuza kutoka kwa dunia na kumwelekeza kwa Kristo. Mwaka huo huo akaanza masomo ya theolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akifundishwa na Dkt. Thomas Chalmers, mmoja wa wahubiri waliojulikana sana Scotland wakati ule.

Chuoni alipata marafiki wa kudumu. Miongoni mwao walikuwa Andrew Bonar, aliyemzidi umri kwa miaka 3, Horatius Bonar, kaka yake Andrew, ambaye baadaye alitunga nyimbo nyingi za kikristo, na Alexander Somerville. Vijana hao walikutana kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuchunguza Maandiko pamoja. Pia waliingia katika vichochoro vya Edinburgh kuwatembelea maskini ambao hakuna mchungaji aliyewafikia. Hapo McCheyne aliona kwa macho yake kwamba katika mji wenye makanisa mengi, maelfu waliishi bila Injili. Urafiki wao haukujengwa juu ya mazungumzo matupu. Ulijengwa juu ya Biblia iliyofunguliwa na ngazi za nyumba za maskini.

Mchungaji wa St Peter's

Baada ya kuwa msaidizi wa mchungaji katika mitaa ya Larbert na Dunipace kwa muda wa mwaka mmoja hivi, McCheyne aliitwa Dundee. Aliwekewa mikono katika kanisa jipya la St Peter's mwezi Novemba 1836, akiwa na umri wa miaka 23. Somerville ndiye aliyeshika nafasi yake kule Larbert.

Dundee ulikuwa mji wa viwanda vya kusokota na kufuma kitani. Watu walikuwa wametoka mashambani kutafuta kazi, wakasongamana katika nyumba finyu. Mtaa aliokabidhiwa McCheyne ulikuwa na watu kama 4,000, na wengi wao hawakuwa na mazoea ya kwenda ibadani. Alianza kuwatembelea nyumba kwa nyumba, akaketi na wagonjwa, akafundisha vijana jioni. Kila Alhamisi usiku aliitisha mkutano wa maombi. Humo aliwasomea washiriki habari za uamsho wa nyakati zilizopita, akawahimiza waombe Mungu afanye tena.

Mwaka 1838 Andrew Bonar alipewa kanisa la kijiji cha Collace, si mbali na Dundee. Marafiki hao wakawa wanatembeleana, wakibadilishana mimbari na kusaidiana katika huduma ya Meza ya Bwana. Walionyana pia. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwambia ukweli bila kumwogopa.

Lakini mwili wa McCheyne haukuwa na nguvu kama roho yake. Mwisho wa mwaka 1838 moyo wake ulianza kwenda mbio isivyo kawaida, na waganga wakamwamuru aache kazi kabisa. Alirudi nyumbani kwa wazazi wake Edinburgh. Kwa mtu aliyezoea kuzunguka mtaani mchana na kuhubiri usiku, kukaa kitini bila kazi kulikuwa mzigo mzito.

Wakati huo Kanisa la Scotland lilikuwa linatafuta watu wa kwenda Nchi Takatifu na Ulaya kuchunguza hali ya Wayahudi, ili lianzishe utume kati yao. Ilionekana kwamba safari hiyo ingeweza hata kumsaidia McCheyne apate afya. Walichaguliwa wanne: wazee wawili wenye elimu, Dkt. Alexander Keith na Dkt. Alexander Black, na vijana wawili, McCheyne na Andrew Bonar. Waliondoka mwezi Aprili 1839.

Nani atabaki na kundi?

Swali lililomsumbua McCheyne lilikuwa hilo. Aliyepatikana ni William Chalmers Burns, mwana wa mchungaji wa Kilsyth. Alizaliwa mwaka 1815, hivyo alikuwa na miaka 24 tu na alikuwa ndiyo kwanza amepewa kibali cha kuhubiri. Alikuwa amejitoa kwenda India kama mmishonari, na sasa alikubali kushika kazi ya Dundee kwa muda.

Hawakufanana. McCheyne alikuwa mgonjwa, mpole, mwenye moyo wa mshairi. Burns alikuwa na mwili wenye nguvu na sauti iliyosikika mbali hata uwanjani. Alinena kwa wazi, bila mapambo. Kabla ya kuondoka, McCheyne alimwandikia akimkabidhi watu wake, akieleza tumaini lake kwamba Burns angebarikiwa kati yao mara nyingi kuliko alivyobarikiwa yeye.

Maneno ya namna hiyo huandikwa kwa urahisi. Wachungaji na wazee wa makanisa huyasema kila mara wanapokabidhiana kazi. Swali ni kama mtu atayafurahia Mungu akiyajibu.

Mwezi Julai

Wajumbe walipita Misri, wakavuka jangwa kwa ngamia hadi Palestina. Jangwani Dkt. Black alianguka kutoka juu ya ngamia, na ajali hiyo ilichangia wazee wale wawili kurudi kwa njia ya mto Danube. McCheyne na Bonar waliendelea peke yao, wakafika hadi Galilaya. Baada ya hapo McCheyne alishikwa na homa kali. Walipanda meli kuelekea Smirna, ule mji uliopokea mojawapo ya barua saba za Ufunuo, na karibu na mji huo alilala akiwa hoi, Bonar akimwuguza. Ilionekana kwamba hangepona. Katika udhaifu ule aliwaombea watu wake wa Dundee.

Siku hizo hizo Burns alikuwa amekwenda Kilsyth, nyumbani kwa baba yake, kusaidia katika ibada za Meza ya Bwana. Jumanne, tarehe 23 Julai 1839, alihubiri juu ya Zaburi 110:3, inayosema habari za watu wa Bwana kujitoa kwa hiari siku ya uwezo wake. Alipokuwa akiwasihi wasikilizaji wampokee Kristo, watu walianza kulia kwa sauti kote kanisani. Wengi waliungama dhambi zao, na mkutano ukaendelea kwa saa nyingi.

Mwanzoni mwa Agosti Burns alirudi Dundee. Baada ya mkutano wa maombi wa Alhamisi, ule ule ulioanzishwa na McCheyne, aliwaalika waliotaka kubaki. Kwa ghafula mioyo ikavunjika. Tangu siku hiyo, kwa miezi kadhaa, kanisa la St Peter's lilijaa karibu kila jioni. Mamia ya watu walikuja kuzungumza na wachungaji kuhusu wokovu wao. Wafanyakazi wa viwandani waliunda vikundi vya maombi majumbani.

Miaka karibu mitatu McCheyne alikuwa amepanda na kumwagilia machozi. Burns alikaa miezi michache, na mavuno yakaja.

Alhamisi ya kurudi

Habari ziliwafikia McCheyne na Bonar wakiwa njiani kurudi. Walifika Uingereza mwezi Novemba 1839. Mwezi huo huo, jioni ya Alhamisi, McCheyne alisimama tena katika mimbari yake. Kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Alihubiri kutoka 1 Wakorintho 2, mahali Paulo anapokumbuka jinsi alivyokuja kwa Wakorintho katika udhaifu na hofu, asitegemee ufasaha wa maneno. Ibada ilipokwisha watu walimngoja nje ili wamshike mkono.

Alikuta vikundi 39 vya maombi katika kanisa lake, na vikundi vitano kati ya hivyo viliongozwa na kuhudhuriwa na watoto.

Tusiharakishe hapa. Katika kanisa lolote, saa kama hiyo ndiyo saa ambayo kambi mbili huzaliwa. Wapo waliookoka chini ya mhubiri mpya, na hao humwona kuwa ndiye baba yao. Wapo wa zamani wanaomwonea huruma mchungaji wao. Wimbo wa wanawake waliowalinganisha Sauli na Daudi ulikuwa mfupi tu, lakini ulitosha kumtia mfalme mkuki mkononi. McCheyne angeweza kulitazama kanisa lililojaa na kuuliza kwa nini Mungu alingoja yeye aondoke kwanza.

Andrew Bonar, aliyemfahamu kuliko wote na kusafiri naye miezi ile yote, alishuhudia baadaye kwamba hakuona wivu ndani yake. McCheyne alifurahi kwamba kazi ya Bwana imefanyika, kwa mkono wowote ule. Alikaa na Burns, wakaomba pamoja, wakazungumza juu ya waongofu mmoja mmoja. Kisha aliwapokea waongofu hao kuwa kondoo wake mwenyewe, akawatembelea na kuwafundisha. Hakuwafanya wajisikie kuwa watu wa Burns katika kanisa la McCheyne.

Naye Burns ana sehemu yake ya heshima. Angeweza kubaki Dundee akavuta watu upande wake. Hakufanya hivyo. Alimrudishia mchungaji kundi lake, akaenda kuhubiri katika miji mingine. Inahitajika neema kumfurahia aliyefanikiwa mahali petu. Inahitajika neema pia kuondoka mahali tulipofanikiwa.

Kumtetea rafiki

Si wote waliofurahi. Wengine walisema uamsho ule ulikuwa msisimko wa bure. Burns alipohubiri Aberdeen, magazeti yalimshambulia, na presbiteri ya mji huo, yaani baraza la wachungaji na wazee, likafanya uchunguzi. Maswali yalipelekwa kwa wachungaji mbalimbali, na mmoja wao alikuwa McCheyne.

Alijibu kwa maandishi. Hakusema kwamba kila aliyelia aliokoka. Alikiri kwamba wapo walioguswa kwa muda kisha wakarudi nyuma. Lakini alishuhudia bila kusitasita kwamba kazi ilikuwa ya Mungu, na kwamba matunda yake yalionekana katika maisha ya watu aliowajua kwa majina. Kama angetaka kumpunguza Burns, hapa palikuwa na nafasi nzuri. Angehitaji tu kunyamaza. Alitumia jina lake jema kumkinga mwenzake.

Siku za mwisho

Mwaka 1841 McCheyne aliandika kupinga treni za Jumapili kati ya Edinburgh na Glasgow. Yeye na wenzake walishika siku ya kwanza ya juma wakiamini kwamba ndiyo Sabato ya Bwana, na waliishika kwa uaminifu kadiri ya nuru waliyokuwa nayo. Andrew Bonar aliamini na kufundisha kwamba Kristo atarudi kabla ya ile miaka elfu, wakati ambapo wahubiri wengi walisema dunia itaongoka kwanza. Ilikuwa miaka ile ile ambayo William Miller alikuwa akihubiri marejeo ya Kristo kule Marekani. Mungu alikuwa akiwaamsha watoto wake katika nchi nyingi.

Mwishoni mwa Desemba 1842 McCheyne aliwatolea washiriki wake ratiba ya kusoma Biblia kila siku, ili kanisa zima lilishwe kutoka malisho yale yale kwa wakati mmoja. Anayeifuata husoma Agano la Kale mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ratiba hiyo inatumika hadi leo katika nchi nyingi.

Yeye mwenyewe aliifuata kwa majuma machache tu. Homa ya tifasi, inayoenezwa na chawa, ilikuwa imeingia katika nyumba za maskini wa Dundee, naye hakuacha kuwatembelea wagonjwa. Mwezi Machi ikamshika. Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 25 Machi 1843, akiwa na umri wa miaka 29. Bonar alipopata habari alikwenda Dundee jioni ile ile, akalikuta kanisa limejaa watu wanaolia. McCheyne alizikwa karibu na kuta za St Peter's, na maelfu walimsindikiza. Miezi iliyobaki ya mwaka ule watu wake waliendelea kusoma sura alizowapangia, siku kwa siku, bila yeye.

Mwaka uliofuata Andrew Bonar alitoa kitabu cha maisha ya rafiki yake pamoja na barua na mahubiri yake. Kimechapishwa mara nyingi. Bonar aliishi hadi mwaka 1892, na kupitia kalamu yake vizazi vingi vimemjua mchungaji wa Dundee.

Burns hakuwa na mtaa wake mwenyewe maisha yake yote. Alihubiri Scotland, Ireland na Kanada, kisha mwaka 1847 akaenda China. Yule aliyeona kanisa zima likilia mbele yake alifanya kazi miaka mingi pale akiona waongofu wachache mno. Mwaka 1856 alisafiri na kijana mmishonari aitwaye Hudson Taylor, na kama Taylor, akavaa mavazi ya Kichina ili asiwe mgeni kwa watu. Kwa Taylor alikuwa kama baba. Alifariki China mwaka 1868. Mtu aliyejifunza kwamba mavuno si mali yake aliweza pia kuvumilia miaka isiyo na mavuno.

Kwetu leo

Paulo aliwauliza Wakorintho kwa nini wanagombania majina ya watumishi. Mmoja hupanda, mwingine hutia maji, na anayekuza ni Mungu. Tunalijua fundisho hilo. Lakini mwalimu wa Shule ya Sabato anapoona darasa lake limehamia kwa mwalimu mwingine, au mzee wa kanisa anapoona effort ya mwaka huu imebatiza wengi kuliko ya mwaka wake, fundisho linaacha kuwa maneno. Kiongozi wa kwaya, shemasi, mkuu wa idara, wote wana Dundee yao.

McCheyne hakungoja siku ya kurudi ndipo ajifunze kufurahi. Alianza kabla hajaondoka, alipoomba Mungu ambariki Burns kuliko yeye. Ni vigumu kumwonea wivu mtu tuliyemwombea kwa kweli. Labda kuna jina moja ambalo hatujalitaja katika maombi yetu ya faragha juma hili, na sababu yake tunaijua.

Maswali ya kujadili

1. Soma Hesabu 11:24–29. Yoshua alitaka kumlinda Musa dhidi ya nini? Marafiki wetu wanaweza kutuchochea katika wivu kwa njia gani wakidhani wanatutetea?

2. McCheyne aliulizwa na presbiteri juu ya kazi ya Burns, akasema ukweli wote, pamoja na upungufu. Kuna tofauti gani kati ya kusema ukweli juu ya kazi ya mwenzetu na kuipunguza?

3. Burns aliondoka Dundee kazi ikiwa imestawi. Kwa nini viongozi wengine huona vigumu kukabidhi kazi iliyofanikiwa? Kanisa lenu linaweza kuwasaidiaje?

4. Linganisha 1 Samweli 18:5–9 na Yohana 3:26–30. Sauli na Yohana walisikia habari zinazofanana. Nini kilifanya mioyo yao ijibu tofauti?

5. Juma hili, chagueni kila mmoja mtu anayefanya kazi ile ile mnayoifanya ninyi kanisani, mwombeeni kwa jina kila siku, na Sabato ijayo mshirikishane yale Mungu aliyofanya mioyoni mwenu.